Mwavuli uliovunjika, shuka moja na mbavu jozi 12: shajara ya mavazi matatu ya Halloween

6 Septemba, Jumamosi

Zimebaki siku 55 kufika tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba, na daftari hili nalifungua mapema makusudi. Mwaka jana sikuandika chochote. Mambo niliyojifunza kwa shida yakapotea, na sasa nayakumbuka nusunusu tu. Safari hii kila hatua itaandikwa, pamoja na saa zilizotumika.

Watoto ni watatu. Kifungua mimba ana miaka 11, anataka kuwa kiunzi cha mifupa. Wa kati ana miaka 7, yeye popo. Kitinda mimba ana miaka 4. Alisema bundi, nikamwacha siku tatu, nikamuuliza tena, akasema bundi. Basi ni bundi.

Sharti ni moja: kitambaa kipya hakinunuliwi. Nitanunua uzi, mpira na velkro (utepe wa kubandika na kubandua), basi. Mwaka jana nilinunua mita nne za satini kwa ajili ya joho moja lililovaliwa jioni moja, na nilipopiga hesabu nikaona kitambaa peke yake kimekula zaidi ya nusu ya gharama ya mavazi yote. Na satini yenyewe ilinitesa. Iliteleza chini ya mguu wa cherehani, na kila nilipoigusa ilichomoka nyuzi.

Kuna jambo jingine nimelifikiria tangu wakati ule. Ugumu wa nguo hauko kwenye mapana yake. Uko shingoni, kwenye kofia, kwenye zipu, kwapani, pale mkono unapokutana na bega. Sweta kuukuu ina vyote hivyo tayari, vimeshonwa na mtu mwenye mashine nzuri kuliko yangu. Kwa hiyo kila vazi la mwaka huu litasimama juu ya nguo ambayo mtoto anaivaa siku zote. Naiita nguo ya msingi. Mimi nitaongeza tu kile kinachomfanya mtoto awe popo au bundi.

Jioni nimepekua kabati na mfuko wa nguo zilizotengwa kutolewa. Nimepata sweta nyeusi mbili (moja ina kofia), suruali nyeusi ya michezo, fulana nyeupe tatu, shati tatu za kahawia na kijivu, jinzi iliyotoboka magoti, shuka moja nyeupe ya kitanda kidogo, na mwavuli mweusi wa kukunja uliovunjika vyuma viwili. Ule mwavuli nusura niutupe.

Saa: 2.

7 Septemba, Jumapili

Vipimo. Kila mtoto nimempima urefu, kifua, mduara wa shingo, kutoka kwapa hadi kifundo cha mkono, na kutoka kiuno hadi kifundo cha mguu. Kifuani naongeza sentimita 10 ili mtoto aweze kuvaa kitu kizito ndani iwapo jioni itakuwa ya baridi. Vazi linalobana halivaliwi. Mtoto atalivua na kubaki na nguo za kawaida.

Patani za kununua, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, sizihitaji. Nimelaza sweta ya wa kati juu ya magazeti yaliyounganishwa kwa gundi, nikazungusha penseli pembeni, nikaongeza sentimita moja na nusu ya mshono. Patani za karatasi zenye saizi mbalimbali alianza kuziuza Ebenezer Butterick kule Marekani mwaka 1863. Kabla ya hapo, mshonaji wa nyumbani mara nyingi alifumua nguo kuukuu akaifuata kipande kwa kipande. Njia ile ya zamani bado ni bora kwa kazi hii, kwa sababu nguo unayoifuata umeshaiona mwilini mwa mtoto.

Mama amepiga simu. Nimemlalamikia kwamba cherehani yangu haina mishono ya mapambo. Akasema, “Mwanangu, mchagua jembe si mkulima. Una mshono ulionyooka na una zigizaga, watosha.” Ndiye aliyenifundisha kushona nikiwa na umri wa kifungua mimba, kwa hiyo sikubishana.

Saa: 1 na nusu.

13 Septemba, Jumamosi

Leo nimekosea, na kosa lenyewe naliandika kwa kirefu.

Nilitaka shuka iwe nyeusi ili nipate kitambaa cha ziada cha popo. Nilikuwa na pakiti ya rangi nyeusi iliyobaki tangu zamani. Nikachemsha maji, nikatia rangi na chumvi, nikaizamisha shuka, nikakoroga kwa mwiko mkuukuu saa nzima. Ndani ya maji ilionekana nyeusi tii. Nilipoisuuza, weusi ukaondoka na maji, ikabaki kijivu cha jivu, na ukiitazama karibu ina madoa madogo meupe kila mahali. Uzi wa upindo haukushika rangi hata kidogo. Umebaki mweupe, kama mstari wa chaki.

Sababu nimeielewa baada ya kukaa chini. Shuka ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Rangi ya kawaida ya kuchemsha hushika pamba, lakini poliesta haiishiki. Inahitaji rangi ya aina yake na joto kali zaidi. Kwa hiyo nyuzi za pamba zilinywa rangi, nyuzi za poliesta zikakataa, na uzi wa upindo ulikuwa poliesta tupu. Lebo ilikuwa imeng'oka, nami sikupima kwanza.

Sijaitupa. Nimeianika, na nikiitazama sasa kwenye mwanga wa jioni, kile kijivu chenye madoadoa ni mgongo wa bundi kabisa.

Saa: 3.

14 Septemba, Jumapili

Jana nilipaswa kuanza na hili. Nimekata vipande vidogo vya kila kitambaa, sawa na ukucha, nikavishika kwa koleo juu ya sinki lenye maji na kuvigusisha moto wa kiberiti kimoja baada ya kingine. Watoto nimewaweka nje ya jiko.

Pamba huwaka kwa mwali wa manjano, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu jepesi linalopeperuka. Poliesta hujikunja mbali na moto, huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu nyeusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Kitambaa cha mwavuli kiliyeyuka papo hapo.

Jaribio hili nililifanya ili nijue rangi, lakini limenifikirisha zaidi kuhusu moto wenyewe. Usiku wa Halloween watoto hupita karibu na maboga yaliyochongwa, na ndani ya mengi mna mishumaa halisi iliyowekwa chini, usawa uleule wa pindo la joho. Pamba hushika moto haraka. Poliesta inayoyeyuka hunata kwenye ngozi. Hakuna kitambaa hapa kwangu kilicho salama karibu na mwali. Marekani ilipitisha sheria ya vitambaa vinavyoshika moto mwaka 1953, baada ya nguo za kitambaa cha reyoni chenye manyoya, zikiwemo suruali za watoto za kuigizia uchungaji wa ng'ombe, kuwaunguza watu. Na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Dennison ilikuwa ikiuza karatasi za krepu za kutengenezea mavazi ya Halloween. Karatasi mwilini mwa mtoto, na mishumaa kila upande! Nikiwaza hivyo mwili unanisisimka.

Maamuzi mawili, nami sitayabadilisha. Hakuna pindo litakaloshuka chini ya goti wala kuburuta, na mabawa ya popo yatakuwa na namna ya kukunjwa. Na boga la nyumbani kwetu litawaka taa ya betri.

Saa: 1.

20 Septemba, Jumamosi

Popo ameanza.

Kitambaa cha mwavuli kimeshikizwa kwenye vyuma kwa nyuzi chache tu: ncha ya kila chuma, katikati ya kila chuma, na kileleni. Nimezikata moja moja, na kitambaa kikatoka kizima. Nimekifua kwa sabuni kwa sababu kilikuwa na kutu, nikakianika kivulini. Kina pembetatu 8, kila moja ina urefu wa sentimita 45 kutoka kileleni hadi pembeni. Uzuri wake ni kwamba pindo la nje tayari limekungwa, na kati ya chuma na chuma limeingia ndani kidogo kama upinde. Ni bawa la popo lililokwisha kushonwa.

Wa kati alikaa karibu nami akiuliza kwa nini bawa lina mistari. Nikamwambia anyooshe mkono atanue vidole. Bawa la popo ni mkono: vidole vinne virefu mno vimetanda utando kati yao, na kidole gumba kimebaki huru juu, kikiwa na ukucha wa kujishikia. Mishono ya mwavuli ndiyo vidole vyenyewe. Tangu hapo amekuwa akitembea na vidole vilivyotanuliwa.

Nguo ya msingi ni sweta yenye kofia. Mshono wake wa kwapani ni mmoja tu, unatoka kwenye kifundo cha mkono, unapita kwapani, unashuka ubavuni hadi chini. Nimeufumua wote pande mbili. Mpango ni kuingiza bawa ndani ya mshono huo: kilele cha pembetatu kinakaa kwapani, ukingo mmoja unafuata mkono, ukingo wa pili unafuata ubavu. Pembetatu mbili kila upande zinafanya pembe mraba kamili, kwa hiyo nikakata mbili mbili.

Nasaha kwa yeyote atakayeshika kitambaa cha mwavuli: usitumie pini. Kila pini huacha tundu lisilojiziba. Nimetumia vibanio vya kuanikia nguo, na sindano nyembamba, namba 70.

Saa: 4.

21 Septemba, Jumapili

Nimeshikiza mabawa kwa bandi ndefu za mkono kabla ya kutia cherehani, na nashukuru nimefanya hivyo. Wa kati alivaa, akainua mikono juu kama arukaye, na sweta nzima ikapanda hadi kifuani, tumbo likabaki wazi. Pembetatu mbili zinatosha mikono ikiwa imenyooka pembeni tu. Ikipanda juu ya mabega, bawa linavuta ubavu.

Nimefumua bandi. Kila bawa linaongezwa pembetatu ya tatu. Zitabaki mbili tu katika zile nane.

27 Septemba, Jumamosi

Pembetatu tatu kila upande ndiyo hesabu sahihi. Mikono ikiwa chini, kitambaa cha ziada kinajikunja ubavuni kama mkunjo wa pazia, na hicho ndicho popo anachofanya akipumzika. Mikono ikipanda, kinafunguka, na sweta haitikisiki.

Kilele cha pembetatu nimekikata sentimita mbili, kwa sababu pale palikuwa na tundu la ncha ya mwavuli na tabaka zilikuwa nene kiasi cha kuvunja sindano. Kimebaki kitundu kidogo kwapani, nami nimekikunga kwa mkono. Kinafanya kazi ya kikwapa, na kinapitisha hewa. Kitambaa cha mwavuli hakipumui hata kidogo.

Mkono wa sweta kutoka kwapa hadi ukingoni ni sentimita 36, na bawa ni 43 baada ya kukatwa kilele. Zile 7 zinazozidi zinapita juu ya kiganja. Nilikuwa nakaribia kuzikata, kisha nikashona kitanzi cha mpira kwenye ncha, kinachoingia kidole cha kati. Gumba linabaki huru. Mtoto akitaka kushika kitu anachomoa kitanzi, anakunja bawa mara mbili, anabana kwa kipande cha velkro kilicho kwenye mkono wa sweta.

Masikio nimeyakata kutoka kwenye moja ya pembetatu mbili zilizobaki, nikayatia ndani kadibodi nyembamba, nikayashona juu ya kofia ya sweta. Yamesimama. Popo amekwisha, isipokuwa usalama wa gizani, ambao nitaushughulikia kwa wote pamoja.

Saa za popo kwa jumla: 10.

4 Oktoba, Jumamosi

Kiunzi cha mifupa.

Nilidhani njia rahisi ni dawa ya kutoa rangi: unakata umbo la mifupa kwenye kadibodi, unapaka dawa, weusi unatoka. Safari hii nimejaribu kwanza, ndani ya pindo la sweta ambapo hapaonekani. Baada ya dakika tano palikuwa pa rangi ya machungwa, karibu na kutu. Pamba nyingi nyeusi hufanya hivyo, kwa kuwa rangi nyeusi ni mchanganyiko na baadhi ya rangi zilizomo hutoka mapema kuliko nyingine. Mifupa ya rangi ya kutu hatuitaki. Isitoshe, sweta hii ni ya kwendea shule, lazima irudi ilivyokuwa.

Basi mifupa itakatwa kutoka kwenye fulana nyeupe.

Nilichora mbavu jozi sita, nikaona zinapendeza. Kifungua mimba akatazama karatasi akasema, “Baba, mbavu ni jozi 12.” Akaleta daftari lake. Jozi 7 za juu zimeungana na mfupa wa kidari moja kwa moja, jozi 3 zinazofuata zimeegemea gegedu la ubavu ulio juu yao, na jozi 2 za mwisho zinaelea, hazifiki mbele kabisa. Yote aliyosema ni kweli. Nikafuta mchoro wangu.

Ukweli ule umesaidia hata ushonaji. Jozi 10 ndizo zinaonekana mbele. Kila ubavu nikiupa upana wa sentimita 2 na pengo la sentimita 1.3, jozi 10 zinachukua sentimita 33, na sehemu ya mbele ya sweta chini ya shingo ni 50. Zinaingia vizuri. Jozi mbili zinazoelea ni vipande vifupi tu vya pembeni. Kidari kinakuwa kipande kimoja, kama tai fupi.

Saa: 2.

11 Oktoba, Jumamosi

Leo nimejifunza jambo nililotamani nilijue miaka yote.

Kitambaa cha fulana ni cha kufuma kwa vitanzi, na kikikatwa hujikunja. Lakini hakijikunji ovyo. Ukikata utepe kwa kufuata urefu wa fulana, kingo zake ndefu hujiviringa kuelekea upande wa ndani. Ukikata kwa kufuata upana, hujiviringa kuelekea upande wa nje. Nilikuwa nimeanza kukata kwa upana, na mbavu zikawa zinajikunja juu kama makaratasi yaliyokauka. Nikageuza. Nilipokata kwa urefu na kuulaza utepe upande wa nje ukiwa juu, kingo zilizama chini zenyewe, na utepe ukawa na mgongo, umevimba katikati kama mfupa halisi. Hakuna kukunga wala zigizaga. Nimepitisha mshono mmoja tu katikati ya kila ubavu, hatua ya milimita 4, ndefu kuliko zote za cherehani yangu, ili baadaye ufumuke kwa urahisi.

Sindano ni ile ya ncha butu, inayosukuma vitanzi pembeni badala ya kuvitoboa. Ya kawaida huacha vitundu vinavyokuwa mistari.

Na jambo la pili: huwezi kushona ubavu juu ya sweta iliyofungwa. Mkono wa cherehani hauingii, na ukilazimisha utashona mbele na nyuma pamoja. Nimefumua mshono wa ubavuni upande mmoja, kutoka chini hadi kwapani, nikailaza sweta bapa kama ukurasa, nikashona mbavu zote, kisha nikaurudishia mshono. Kufumua na kurudishia kulichukua dakika 20. Mwaka jana nilihangaika saa mbili kwa kukwepa dakika hizo 20.

Suruali ina mfupa wa paja, pia la goti, na mifupa miwili ya chini ya goti. Kifungua mimba alitaka na glavu, akinikumbusha kwamba mkono mmoja una mifupa 27. Nimempa glavu nyeusi kuukuu na rangi nyeupe iliyobaki kutoka mradi wa shule, achore mwenyewe. Amechora 19, ya vidole na ya kiganja, akasema ile 8 ya kifundo itafichwa na mkono wa sweta. Amekaa mezani mchana kutwa, kimya, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Saa: 6. Kati ya hizo, zangu 5.

18 Oktoba, Jumamosi

Bundi. Hili ndilo vazi nililoliogopa, na ndilo nililolipenda kuliko yote.

Umbo ni joho la nusu duara. Kanuni yake ni fupi: mduara wa shingo gawanya kwa 3.14, unapata nusu kipenyo ya tundu la shingo. Shingo ya kitinda mimba pamoja na nafasi ya kupumua ni sentimita 32, kwa hiyo nusu kipenyo ni karibu 10. Urefu wa joho ni 55. Nimefunga chaki kwenye kamba, nikashikilia mwanzo wa kamba kwenye ukingo wa shuka, nikachora pinde mbili, moja ya sentimita 10 na nyingine ya 65. Shuka yangu ya kijivu imetosha na imebaki.

Manyoya yanapangwa kwa safu, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika mshono wa ile iliyo chini yake, kama vigae vya paa. Ukianza juu, utalazimika kuinua kila unyoya ili ushone wa chini. Kila unyoya una upana wa sentimita 7 na urefu wa 10, mviringo upande wa chini. Safu ni 7. Ya chini kabisa ina manyoya 27, kisha 24, 21, 18, 14, 11, na ya juu 8. Jumla 123.

Kukata vipande 123 kwa mkasi ni kazi ya mikono kuuma. Nimekunja shati tabaka nne na kukata manne manne. Zaidi ya hapo kitambaa huteleza na la chini hutoka na umbo jingine.

Swali lilikuwa kingo. Kukunga manyoya 123 haiwezekani kwa muda nilio nao. Kitambaa kilichofumwa kwa mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) huchomoka nyuzi sambamba na ukingo uliokatwa. Ukikikata kwa mshazari, pembe ya digrii 45, huchomoka kidogo sana. Kwa hiyo manyoya yote nimeyakata mshazari, nikaacha kingo wazi. Zimechakaa kidogo tu, zikawa na utandu wa nyuzi fupi laini. Na bundi ndivyo alivyo! Ukingo wa nyuma wa manyoya ya mabawa yake una matamvua laini, na ule wa mbele una meno kama ya kitana. Hivyo ndivyo anavyopunguza sauti ya hewa na kumfikia panya bila kusikika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kushona, uzi unaochomoka si kasoro.

Saa: 7.

19 Oktoba, Jumapili

Safu mbili za chini nilizishona kwa jinzi, kwa kuwa rangi yake ilipendeza dhidi ya kijivu. Kitinda mimba akavaa, akazunguka sebuleni mara mbili, akasimama akashika koo. “Baba, linanivuta.” Uzito wote ulikuwa nyuma na chini, na joho lilikuwa limefungwa shingoni.

Nimefumua yale manyoya 51 na kuyabadilisha kwa pamba ya shati. Halafu nikaondoa kabisa kifungo cha shingo. Joho lolote la mtoto lisifungwe shingoni: likinasa kwenye lango au tawi, linamkaba. Badala yake nimeshona vipande viwili vya velkro kwenye mabega ya sweta yake ya kila siku, na vingine viwili ndani ya joho. Likivutwa kwa nguvu linabanduka lenyewe. Nimelivuta mara kumi kujiridhisha.

Velkro ina upande wa ndoano na upande wa vitanzi laini. Wa ndoano umekaa kwenye joho ukitazama chini, wa laini upo kwenye sweta, kwa sababu sweta ndiyo itakayobaki ikivaliwa na ndoano hushika kila kitu. George de Mestral wa Uswisi aliipata fikra yake kwa kutazama mbegu zenye miiba midogo zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake, na leo mabaki ya shati yangu yameng'ang'ania vilevile.

Saa: 4.

25 Oktoba, Jumamosi

Wote watatu wamevaa kwa mara ya kwanza pamoja. Nimewapa kazi tano: panda ngazi, shuka ngazi, kaa kwenye kiti cha gari ufunge mkanda, inama uokote kitu, nenda msalani bila msaada. Popo alishindwa kufunga mkanda mpaka alipokunja mabawa. Bundi alifaulu yote. Kiunzi hakikuwa na shida, maana kimevaa sweta na suruali tu.

Vinyago hatutumii, hufunika macho pembeni, na barabarani mtoto anahitaji kuona pembeni. Bundi ana kofia ya kufuma yenye macho mawili makubwa ya felti juu ya paji. Kiunzi atapakwa rangi usoni, na nimempaka kidogo nyuma ya sikio leo kuona kama ngozi itawasha. Hadi usiku, hakuna wekundu.

Popo mweusi na bundi wa kijivu hawaonekani gizani. Kulikuwa na fulana ya kazi iliyochakaa yenye tepe za kuakisi mwanga. Nimezitoa tepe, nikashona moja mgongoni mwa popo, na kwa bundi nimekata vipande vyembamba nikavichomeka chini ya manyoya ya safu ya tatu. Mchana havionekani. Nilizima taa, nikawasha tochi kutoka mwisho wa ukumbi, na mgongo wa bundi ukameta kama maji.

Saa: 3.

29 Oktoba, Jumatano

Sikio la kushoto la popo limelala. Kadibodi ilivunjika. Nimeibadilisha kwa kipande cha chupa ya plastiki. Dakika 15.

31 Oktoba, Ijumaa

Nimekuwa nyuma yao hatua chache jioni nzima. Velkro ya bundi ilibanduka mara moja, kwenye ua wa miti, na kitinda mimba akaendelea kutembea bila kujua. Nikaliokota joho nikamrudishia. Wa kati alikunja mabawa mwenyewe kila alipopita mlangoni. Kifungua mimba alisimamishwa na mama mmoja aliyetaka kujua kwa nini mbavu zake mbili ni fupi, naye akamweleza mpaka tukamsubiri.

2 Novemba, Jumapili

Kilichonunuliwa kwa mavazi yote matatu: vidonge viwili vya uzi, mita mbili za mpira, nusu mita ya velkro, pakiti moja ya sindano za ncha butu. Sindano hazikuwa kwenye sharti langu la mwanzo. Zimeingia, na zimestahili. Saa zote nilizoandika, zangu peke yangu, ni 39 kasoro kidogo. Bundi amechukua nyingi kuliko yeyote.

Sweta yenye kofia itabaki na mabawa yake. Imeshakuwa ndogo, na wa kati ameomba kulala nayo. Joho la bundi limetundikwa nyuma ya mlango.

Asubuhi nimekaa dirishani kufumua mbavu, maana kesho ni shule. Mshono mrefu umetoka kwa kuvutwa uzi mmoja tu. Vitundu vya sindano vimebaki kama mistari hafifu, nikapitisha pasi ya mvuke bila kukandamiza, vikaziba. Kifungua mimba amezihesabu, zote 24, akaandika namba nyuma ya kila moja kwa kalamu ili mwakani tusichanganye ya kushoto na ya kulia. Ziko kwenye bahasha, pamoja na kidari.